Jibu: Kumpeleka mama Saint-Cirq-Lapopie, twende turudi au tulale?

Msomaji mmoja anayesoma Toulouse, Ufaransa, ameniuliza hivi, nafupisha: mama yake anakuja toka Tanga mwezi wa sita, ana miaka 63, magoti yanamsumbua, kwenye simu ameona picha ya kijiji cha mawe kimekaa juu ya jabali na mto unapita chini, akasema huko lazima ampeleke. Kijiji ni Saint-Cirq-Lapopie. Marafiki zake wamemwambia ni masaa mawili tu, mnapiga picha mnarudi. Yeye ana leseni, gari atakodi, anataka kujua kama kuna haja ya kulala, mama ataweza vile vilima, watakula nini kwa sababu hawali nguruwe wala nyama ya kuchinjwa ovyo, na hayo mashamba ya pembeni yana nini cha kuona.

Mdogo wangu, hao marafiki wanasema kile walichokiona. Hata mimi mara ya kwanza nilipelekwa na basi la watalii, tukashushwa saa tano asubuhi jua la utosini, tukapewa masaa mawili, kijiji kimejaa watu bega kwa bega, nikapanda nikashuka nikanunua postikadi nikaondoka na kichwa kinauma, na kama ningeishia pale leo ningekuwa nakwambia usiende. Nikarudi mwaka uliofuata nikalala kule chini upande wa pili wa mto, hapo ndo nikaelewa kosa lilikuwa wapi. Tulianzia juu. Kile kijiji kimezaliwa na mto, bila mto kisingekuwepo pale, sa ukikiona toka juu tu ni kama umeenda forodhani ukaangalia maduka ukaondoka bila kutazama maji.

Kwa hiyo jibu langu fupi ni: laleni, siku mbili usiku mbili zinatosha, anzieni mtoni, na juu kijijini mpelekeni mama jioni. Sasa nikueleze kwa nini na namna gani.

Kwanza ujue unaenda wapi. Mto unaitwa Lot, unatoka kwenye milima ya Lozère huko mashariki, unajipindapinda kama kilomita 480 hivi mpaka unaingia mto Garonne, na Garonne ndo inakwenda Bordeaux baharini. Kwa hiyo mtu wa Saint-Cirq wa zamani alikuwa na barabara ya maji mpaka bandarini. Mashua zao ziliitwa gabare, chini bapa kwa sababu mto hauna kina sehemu nyingi, zilishuka na mapipa ya mvinyo wa mji wa Cahors, mbao na mizigo mingine, zikirudi zinaleta chumvi, samaki wakavu na vitu vya dukani. Kushuka maji yanakubeba, kupanda ndo kasheshe, hapo mashua inavutwa kwa kamba na watu au wanyama wanaotembea ukingoni. Mama yako wa Tanga hii biashara haihitaji kuelezwa sana, mwambie tu ni majahazi ya mtoni yasiyongoja kusi wala kaskazi, yanangoja mvua.

Juu ya huo mto kuna jabali la kama mita 100, na aliyekaa juu yake anaona kila chombo kinachopita. Ndo maana enzi za kati koo tatu za mabwana waligawana jabali moja, Lapopie, Gourdon na Cardaillac, kila mmoja na ngome yake, na chini ya ngome mji wa mafundi. Mfalme Louis wa 11 akaamuru ngome ibomolewe mwaka 1471, iliyobaki ikamaliziwa mwaka 1580 na Henri wa Navarre ambaye baadae ndo akawa mfalme Henri wa 4. Kwa hiyo kule juu kabisa usitegemee kasri, ni magofu machache na mwamba, ila mandhari yake sasa, utakaa kimya mwenyewe.

Mafundi ndo habari yenyewe. Mitaa bado ina majina ya kazi zao, kuna rue de la Pélissaria ya watu wa ngozi na rue de la Peyrolerie ya wafua masufuria ya shaba. Na kulikuwa na wakereza mbao, kazi iliyokipa kijiji jina miaka mingi, walikuwa wanachukua buis, kichaka cha mti mgumu sana unaomea kwenye mawe ya huko, wanakereza koki za mapipa ya mvinyo. Fikiria pipa linashuka mto mpaka Bordeaux na ile koki yake imetoka kwenye duka moja dogo pale mtaani. Ukipita angalia nyumba za chini zina matao mapana ya mawe, hayo yalikuwa maduka na karakana, juu ndo watu walilala. Ghorofa za juu nyingi ni nguzo za mbao zilizojazwa udongo katikati, mama akiziona mwambie aziangalie vizuri, ni ile ile nyumba ya kukandika tunayoijua, miti na udongo, tofauti yake imekaa juu ya ghorofa la mawe na imevaa vigae vya kahawia kwenye paa kali kabisa. Nyingi ni za karne ya 13 mpaka ya 16.

Sasa swali ambalo watu hawaulizi na mimi naona ndo kubwa: mbona imebaki hivi hivi? Watu wanadhani Wafaransa walikuwa wanatunza tu toka zamani. Hapana. Kijiji kilibaki kwa sababu kilikufa njaa. Mwishoni mwa karne ya 19 mdudu wa filoksera alimaliza mizabibu, halafu mwaka 1886 reli ya Cahors kwenda Capdenac ikafunguliwa bondeni, mzigo ukahama toka mtoni ukaenda kwenye treni, mashua zikakosa kazi, wakereza koki nao wakapungua mpaka wakaisha, vijana wakaondoka, nyumba zikaanza kuanguka. Hakukuwa na hela ya kubomoa na kujenga mpya, basi. Wachoraji na waandishi wakaanza kununua magofu mwanzoni mwa karne ya 20, mchoraji Henri Martin alikuwepo, na mwaka 1950 akaja mshairi André Breton, yule kiongozi wa usarealisti (sanaa na uandishi wa mambo ya ndotoni), mwaka uliofuata akanunua nyumba akawa anakuja kila kiangazi mpaka alipofariki mwaka 1966, ndo yeye aliyeandika kwamba akiwa pale aliacha kutamani kuwa pengine. Leo wakazi wa kudumu ni kama mia mbili tu na wageni ni malaki kwa mwaka, hasa baada ya kijiji kuchaguliwa kipenzi cha Wafaransa kwenye televisheni mwaka 2012. Na ile reli iliyowaua wenye mashua, nayo ilikuja kufa, abiria waliondolewa mwaka 1980, utaiona njia yake pale bondeni unapopita na gari.

Haya, safari. Kodi gari Toulouse usingoje Cahors, utapata chaguo zaidi. Barabara ya A62 halafu A20 mpaka Cahors ni kilomita 115 hivi. Msipite Cahors bila kusimama, kuna daraja la Valentré, la mawe, minara mitatu, jiwe la kwanza liliwekwa mwaka 1308. Nakwambia mwaka huo kwa makusudi, kwa sababu ndo miaka ile ile sultani wa Kilwa alikuwa anajenga kasri la Husuni Kubwa, na Ibn Battuta akaja kufika Kilwa mwaka 1331 daraja la Cahors bado halijaisha, lilichukua miaka kama 70. Watu wa huko wana hadithi kwamba fundi alifanya mkataba na shetani ili limalizike, halafu akamzidi akili kwa kumwambia amletee maji kwenye chujio, shetani kwa hasira akawa anang'oa jiwe moja juu ya mnara kila usiku. Fundi aliyelikarabati mwaka 1879 akaweka pale juu sanamu ya kishetani kinachohangaika na jiwe, kitafuteni ili mama achungulie. Daraja ni tambarare kabisa, magari hayapiti, magoti hayatalalamika. Ikiwa ni Jumatano au Jumamosi asubuhi kuna soko mbele ya kanisa kuu la Saint-Étienne, nunueni vitu hapo na mtoe hela benki kabisa.

Toka Cahors mpaka Saint-Cirq ni kilomita 30 hivi, shika barabara ya bondeni, D653 halafu D662, usikubali simu ikupeleke njia ya mkato ya juu. Hii ya chini inafuata mto, kushoto kwako majabali ya chokaa yamesimama kama ukuta, kwingine barabara imepita chini ya mwamba wenyewe. Ukikaribia Bouziès angalia juu ukutani utaona kuta za mawe zimejengwa ndani ya mapango, wanaita ngome ya Waingereza, ni kumbukumbu ya vita vya miaka mia moja kati ya Ufaransa na Uingereza ambapo hili bonde lilikuwa mpakani na kila kikosi kilitaka kukalia mto. Endesha taratibu, kona nyingi.

Kulala: ndani ya kijiji vyumba ni vichache na mwezi wa sita vinajaa mapema, tena kwa mama mwenye magoti mi nisingemlaza juu hata kama kipo, maana kila kitu kule ni kupanda na kushuka, na begi mnalibeba wenyewe. Tafuta Tour-de-Faure au Bouziès, zote ziko chini kando ya mto, tambarare. Kuna nyumba za watu zinazolaza wageni na kuwapa chai asubuhi, wanaziita chambres d'hôtes, mwenyeji ukimwambia mapema hamli nguruwe anaelewa vizuri tu. Faida ya Tour-de-Faure ni kwamba jioni mkikaa ng'ambo ile mnakiona kijiji chote juu yenu kikibadilika rangi jua linapozama, na hiyo hakuna aliyelipa kiingilio.

Siku ya kwanza mkifika msikimbilie kijijini. Pumzikeni, mle, halafu kama saa kumi na mbili na nusu jioni ndo mpande na gari. Mwezi wa sita huko jua linazama kama saa nne kasorobo usiku, kwa hiyo mna masaa matatu ya mwanga, mabasi yameshaondoka, joto limepungua. Hiyo pia mwambie mama mapema kwa ajili ya swala, maghribi inaingia saa ambayo Tanga watu wameshalala, na isha ni karibu na usiku wa manane, apange mwenyewe na hukumu yake ya safari.

Maegesho ni ya kulipia na yako nje ya kijiji, magari ya wageni hayaingii. Tafuta yale ya juu, ya karibu na mlango wa kijiji. Kabla hata ya kuingia, barabara ya D40 upande wa magharibi ina sehemu ya kusimama inaitwa Bancourel, unashuka kwenye gari hatua chache tu mto wote uko chini yako. Kwa mtu asiyeweza kupanda mwamba wa ngome, hapa ndo pa kwake, msiharakishe.

Ndani ya kijiji sasa, sikiliza vizuri kwa ajili ya magoti. Mtaa mkuu unashuka, unashuka, unashuka, kila mtu anashuka nao kwa furaha mpaka chini halafu anagundua ni lazima arudi. Nyinyi msishuke wote. Anzieni uwanja wa juu, place du Sombral, ndo palipo na ofisi ya wageni, tembeeni taratibu mpaka kanisani, kaeni pale ukutani mtazame bonde, rudini. Inatosha. Mawe ya njia yamesuguliwa na miguu ya watu mpaka yanang'aa, mvua ikinyesha ni kama sabuni, kwa hiyo mama asije na kandambili wala viatu vya soli laini, na kama ana bakora aje nayo bila aibu, utaona wazee wa Kifaransa kibao wameshika fimbo mbili mbili. Wewe ukitaka mwamba wa ngome kimbia peke yako dakika ishirini, yeye mwache anakunywa chai.

Kanisa ni la karne ya 16 limejengwa kama boma, ndani yake kimebaki kipande cha kanisa la zamani zaidi. Limepewa majina ya watakatifu wawili, Cirq na Juliette. Huyo Cirq ndo jina la kijiji, alikuwa mtoto mdogo, na Juliette ni mama yake, waliuawa pamoja zama za Warumi kwa ajili ya imani. Yaani ni kijiji cha mama na mwanae, na nyinyi mnaenda mama na mwana. Mi nikipeleka familia huwa nawaambia hii wakiwa wamekaa pale ukutani, na mara zote akina mama wananyamaza kidogo halafu wanauliza mtoto alikuwa wa miaka mingapi.

Siku ya pili asubuhi ndo mto. Nendeni Bouziès, kuna bandari ndogo na mashua za kutembeza wageni, mnakaa kwenye kiti mnapandishwa mpaka chini ya Saint-Cirq na kurudi, mnapita kwenye malango ya maji. Mama afurahie hapa maana ndo sehemu ya safari isiyodai goti hata moja. Malango yale ya maji mwangalie yanavyofanya kazi, mashua inaingia kwenye chumba cha mawe, mlango unafungwa nyuma, maji yanaongezwa taratibu mpaka unalingana na mto wa juu, mlango wa mbele unafunguliwa. Mto ulifutwa kwenye orodha ya njia za usafiri mwaka 1926 ukaachwa, ndo mwaka 1990 kipande cha kilomita 64 kikafunguliwa tena kwa ajili ya starehe.

Na pale pale Bouziès kunaanza kijia cha wavuta mashua. Katikati ya karne ya 19 walikutana na jabali linaloingia moja kwa moja mtoni, hakuna ukingo wa kupita, basi wakalichimba, wakakata njia ndani ya mwamba kwenye usawa wa maji, paa la jiwe juu ya kichwa na upande mmoja wazi. Ni tambarare. Nenda na mama mpaka akisema basi, hamlazimiki kufika Saint-Cirq, kuna benchi za mawe za asili kila mahali. Kwenye ukuta miaka ya 1980 mchongaji Daniel Monnier alichonga picha ndefu, magamba ya konokono, samaki, majani, kama vile mwamba wenyewe unakumbuka kwamba zamani ulikuwa chini ya bahari. Na kweli ulikuwa. Tahadhari moja, majabali yale huwa yanadondosha mawe na kijia kinafungwa mara nyingine, piga ofisi ya wageni siku moja kabla. Kikiwa kimefungwa usiruke kizuizi.

Mchana kukiwa na joto kali nendeni pangoni. Pech Merle, iko Cabrerets, dakika kama kumi na tano toka Bouziès. Weka nafasi kabla hujaweka kitu kingine chochote kwenye hii safari, maana wanaruhusu watu 700 tu kwa siku ili pumzi za watu zisiharibu michoro, na mwezi wa sita zinaisha. Hii ni michoro ya kweli, mnasimama mbele ya mwamba wenyewe, sio nakala kama wanayoonyeshwa wageni wa pango la Lascaux. Kuna farasi wawili wa madoadoa waliochorwa miaka kama 29,000 iliyopita, na kichwa cha farasi wa kulia kimefuata umbo la jiwe lilivyo, mchoraji aliona kichwa kwenye mwamba kabla hajachora kitu. Rangi alitafuna mkaa akatema kwa mdomo, mtafiti Michel Lorblanchet alijaribu mwenyewe njia hiyo hiyo akaona inawezekana. Miaka mingi watu walibisha kwamba farasi wa madoa hawakuwepo, ni ndoto za mganga, mpaka mwaka 2011 watafiti wakasoma DNA ya mifupa ya farasi wa kale wakakuta walikuwepo. Kuna alama za mikono na kuna nyayo za mtu zimebaki kwenye tope lililoganda. Na pango liligunduliwa na vijana wadogo mwaka 1922, André David alikuwa na miaka 16, aliingia na mwenzie Henri Dutertre wakitambaa kwenye tope, padri wa kijiji aliyependa mapango ndo alikuwa anawatia moyo.

Mama wa Tanga atakwambia mbona ni kama Amboni, na yuko sahihi, mawe ni ya chokaa yale yale na maji yamechonga vile vile, Amboni iko kilomita chache tu toka Tanga mjini, mwache akulinganishie, atakuwa anajua zaidi yako. Ila ndani ni nyuzi 12 tu mwaka mzima, bebeni sweta, na kuna ngazi za kushuka na kupanda, nakwambia ukweli, kwa hiyo amueleze mwongozaji mwanzoni kwamba anatembea polepole, na kama siku hiyo magoti yameamka vibaya bora abaki kwenye makumbusho ya juu. Msiguse ukuta. Yule yule Breton niliyekutajia aligusa mchoro kwa kidole mwaka 1952 kuhakikisha kama ni wa kweli, rangi ikachafuka, akapelekwa mahakamani akapigwa faini.

Mashambani. Ukipanda juu ya bonde unafika kwenye tambarare ya mawe wanayoiita causse, na hii wageni wengi hawaioni kabisa, inaniuma. Ni nchi kavu, mialoni mifupi, vichaka vya buis, kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa wala saruji kilomita kwa kilomita, na vibanda vya mawe vya mviringo ambamo wachungaji walijificha mvua. Mvua inanyesha lakini maji hayakai, yanazama kwenye chokaa yanakwenda chini kutengeneza mapango, kwa hiyo wakulima walichonga vidimbwi kwenye mwamba ili kondoo wanywe, na wanasema aliyeanza ni mtakatifu Namphaise. Kondoo wenyewe ni weupe wenye weusi kuzunguka macho na masikio, kama wamevaa miwani ya jua, mama atacheka. Simamisha gari zima injini, kaeni dakika kumi. Usiku ni giza kweli, hilo eneo ni kati ya yenye anga jeusi zaidi Ufaransa nzima, wanaliita pembetatu nyeusi ya Quercy, ila mwezi wa sita mtangoja mpaka saa tano na nusu usiku ndo nyota zijae.

Kama mna nguvu kabla ya kurudi, fuateni bonde dogo la mto Célé toka Cabrerets mpaka Marcilhac, kuna nyumba ya watawa iliyovunjwa wakati wa vita vya miaka mia moja, nusu ya kanisa haina paa mpaka leo, unasimama ndani unaona mawingu. Watalii wachache. Mtu aliyekulia karibu na magofu ya Tongoni ataipenda kuliko hata Saint-Cirq, nabashiri.

Chakula sasa. Migahawa ya huko ni bata na bata, na bata wa kwenye menyu hajachinjwa mnavyotaka, na mafuta ya bata yanaingia mpaka kwenye viazi, uliza kabla. Salama yenu ni samaki, trauti wapo, kimanda, saladi ya jozi za huko, jibini ndogo ya mbuzi ya Rocamadour ya gramu 35 tu inayopashwa juu ya mkate (kama mama anajali kimeng'enya kinachogandisha maziwa kinatoka wapi, aulizie), na matunda, mwezi wa sita cheri ndo zenyewe. Nyama nunueni kwa mchinjaji wenu Toulouse mbebe kwenye boksi la barafu, na mtafute nyumba yenye jiko. Sosi nyingi zina mvinyo, neno la kusema ni sans vin, sans porc, waambie wakati wa kuagiza sio chakula kikishakuja. Na mkumbuke jikoni wanafunga, ukifika saa nane na nusu mchana unataka kula utaambiwa kumefungwa, hawakuchukii.

Usafiri wa umma upo, basi la Cahors kwenda Figeac linasimama Tour-de-Faure, lakini toka kituoni unavuka daraja unapanda mlima kama kilomita mbili kwa mguu, hiyo ni yako wewe siku nyingine na begi la mgongoni, sio na mama.

Leo fanya mambo mawili, pango na chumba, gari baadae. Chagueni Jumanne mpaka Alhamisi, Jumamosi na Jumapili niachieni. Na ile siku ya mashua muweke mama akae upande wa kulia mkiwa mnapanda mto, kwa sababu kijiji kipo ukingo wa huko na kinatokea ghafla baada ya kona, we mwachie kiti hicho usimwambie chochote.